SMG, M16 au .45: risasi ipi inamsimamisha adui?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Naandika kutoka Mafinga. Mjomba wangu aliyepigana vita vya Kagera anasema risasi ya SMG inamwangusha mtu kuliko ya M16 kwa sababu ni nene. Binamu yangu anabisha, anasema ya M16 ni ndogo lakini inapinduka-pinduka hewani, ikiingia mwilini inakata kila kitu. Rafiki yetu naye anasema tunapoteza muda, bastola ya .45 ndiyo inamrusha mtu nyuma. Nani ana haki? Na kama unene ndio nguvu, mbona majeshi yamekuwa yakipunguza unene wa risasi miaka yote hii?"

Marahaba, ndugu yangu. Mjomba wako ana haki nusu. Binamu yako amefika karibu na ukweli kwa njia isiyo sahihi. Rafiki yenu hana haki kabisa, na kwa kuwa hesabu yake ni fupi kuliko zote, nianze naye.

Msukumo wa risasi ni uzito wake mara kasi yake. Risasi ya .45 ina gramu 14.9 na hutoka mtutuni kwa takriban mita 255 kwa sekunde. Ukizidisha unapata karibu kilo 3.8 kwa mita kwa sekunde. Mgawie mtu wa kilo 70: ikimpiga na kubaki mwilini mwake, inamsogeza kwa kasi ya sentimita 5 na nusu kwa sekunde. Mtu anayetembea kawaida huenda zaidi ya sentimita 130 kwa sekunde. Chukua risasi ya 7.62x51 ya NATO (namba ya kwanza ni unene wa risasi, ya pili ni urefu wa ganda, kwa milimita), gramu 9.5 kwa mita 840 kwa sekunde, unapata kama sentimita 11. Bado haimrushi mtu. Na huhitaji kuniamini mimi wala hesabu. Bunduki humpiga mpigaji teke kwa msukumo uleule, tena ukiongezewa ule wa gesi ya baruti inayotoka nyuma ya risasi. Kama risasi ingekuwa na uwezo wa kumrusha anayepigwa, ingemrusha anayepiga kwanza. Wanaoanguka chali wako kwenye sinema.

Sasa tuje kwenye unene. Watu wengi hulinganisha risasi kwa nishati, yaani nusu ya uzito mara kasi kwa kipeo cha pili, na matokeo huandikwa kwa juli. Hizi hapa kwa makadirio, zikitoka mtutuni: 9x19 ya bastola ni kama juli 500, .45 karibu 480, 5.45x39 ya AK-74 karibu 1,400, 5.56x45 ya M16 karibu 1,750, 7.62x39 ya SMG karibu 2,000, na 7.62x51 ya NATO karibu 3,350. (Nasema SMG kama tunavyosema Tanzania, yaani familia ya Kalashnikov na ndugu zake wa Kichina. Ukisoma vitabu vya nje, SMG ni bunduki ndogo inayopiga risasi za bastola, usichanganye.)

Kwa orodha hiyo mjomba anaonekana ameshinda: juli 2,000 dhidi ya 1,750. Lakini ongeza bunduki moja inayotuhusu sisi wa nyanda za juu. Askari wa Wajerumani waliopita Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 walibeba Mauser ya mwaka 1871, inayopiga risasi ya milimita 11, gramu 25 za madini ya risasi, kwa takriban mita 440 kwa sekunde. Hiyo ni karibu juli 2,400, zaidi ya SMG, na unene wake unakaribia kabisa ule wa .45. Kwa kipimo cha unene na nishati, kamanda wao Zelewski alikuwa na silaha bora kuliko AK. Jeshi la Mkwawa lilimvamia kutoka vichakani, karibu mno, kwa mikuki. Mauser ile ilikuwa ya risasi moja moja: piga, fungua, toa ganda, weka nyingine. Askari wengi waliwahi kupiga mara moja au mbili tu. Zelewski akauawa, na Wahehe wakaondoka na bunduki zipatazo 300. Kwa hiyo ndugu yangu, tukizungumzia silaha ya jeshi, juli za risasi moja ni sehemu ndogo ya habari.

Tuingie mwilini sasa, kwa sababu hapo ndipo mjomba na binamu wanapogongana.

Mtu anayepigwa risasi hukoma kupigana kwa moja ya njia tatu. Ya kwanza ni ubongo au uti wa mgongo kuguswa. Huyo anaanguka papo hapo, na hakuna nyingine yenye uhakika huo. Ya pili ni kupoteza damu, na hii ni polepole kuliko watu wanavyodhani: hata moyo ukiharibiwa kabisa, ubongo unabaki na oksijeni ya kumwezesha mtu kutenda kwa sekunde 10 hadi 15. Katika sekunde hizo anaweza kupiga magazini nzima. Ya tatu ni akili: mtu anahisi amepigwa, anaogopa, anakaa chini. Hii ya tatu ndiyo inayovuruga mabishano yote ya vijiweni. Yupo anayeanguka kwa jeraha la mkono, na yupo anayekimbia mita 100 akiwa na matundu matatu kifuani. Shahidi anayesema "nilimwona akianguka mara moja" anaweza kuwa anasema kweli tupu, na bado ushahidi wake usieleze chochote kuhusu kaliba, yaani unene wa risasi.

Kwa hiyo swali linalopimika ni hili: risasi inaharibu nini, na kwa kina gani, tangu inapogusa ngozi? Kazi kubwa kwenye eneo hili ilifanywa na Martin Fackler, daktari mpasuaji wa jeshi la Marekani, aliyeongoza maabara ya majeraha ya risasi huko San Francisco kuanzia miaka ya mwanzo ya 1980. Alitumia gelatini, iliyochanganywa kwa asilimia 10, ikapozwa hadi nyuzi 4 za Selsiasi, halafu ikapigwa risasi na kupimwa sentimita kwa sentimita.

Nikae kidogo kwenye gelatini, kwa sababu video nyingi unazoona mtandaoni zinaharibikia hapa. Kabla ya kupiga risasi yenyewe, donge la gelatini hujaribiwa kwa gololi ya chuma ya milimita 4.5 inayorushwa kwa mita 180 kwa sekunde. Gololi ikisimama karibu na sentimita 8.5, kwa tofauti ya sentimita moja juu au chini, donge ni sawa. Ikizidi, donge ni laini mno na kila risasi itaonekana inachimba kuliko ilivyo. Makosa ya kawaida ni mawili: kuyeyusha gelatini kwa maji ya moto sana, zaidi ya nyuzi 40, jambo linalovunja uimara wake, na kuacha donge likae juani wakati kamera zinapangwa. Donge lililopata joto limekwisha thamani. Kumbuka pia kuwa gelatini haina mifupa, haina ngozi, wala mapafu yenye hewa. Inafanana na misuli ya paja, basi.

Kwenye gelatini iliyo sawa utaona mambo mawili. Kuna njia ya kudumu, yaani tundu ambalo risasi yenyewe imelisaga. Na kuna uwazi wa muda: nyama inasukumwa pembeni kwa ghafla kisha inarudi mahali pake. Huo wa pili ndio unaovutia kwenye picha za mwendo wa taratibu, lakini madhara yake yanategemea kiungo. Pafu ni kama sponji, linanyumbulika na kurudi. Misuli nayo huvumilia. Ini, wengu na ubongo havinyumbuliki, hupasuka. Kwa risasi za bastola uwazi huo ni mdogo kiasi kwamba mara nyingi hauongezi kitu.

Risasi ya bunduki ya vita ni ndefu, nyembamba mbele na nzito nyuma. Hewani mzunguko wake unaifanya itulie, ncha mbele. Ikiingia kwenye mwili, ambao ni mzito mara mamia kuliko hewa, mzunguko ule hautoshi tena. Risasi inalala ubavu, na mara nyingi inamaliza safari kitako mbele. Wakati imelala ubavu ndipo inachana zaidi. Swali kubwa kuliko kaliba, basi, ni hili: inalala ubavu baada ya sentimita ngapi, na je, inavunjika?

Kwa risasi ya kawaida ya Kisovyeti ya 7.62x39, yenye kiini cha chuma, Fackler alipima kama sentimita 26 za kwenda ncha mbele kabla haijalala sawasawa. Pima kifua au tumbo la kijana wa kawaida wa Mafinga kutoka mbele hadi nyuma: mara nyingi hafiki sentimita 26. Maana yake risasi hiyo huweza kupita na kutoka upande wa pili kabla haijafanya kazi yake kubwa, ikiacha tundu dogo lisilo mbali na la bastola, isipokuwa imegonga mfupa, ini au mshipa mkubwa. Lakini risasi ya Kiyugoslavia ya M67, kaliba ileile, kutoka mtutu uleule, yenye kitako bapa na madini ya risasi ndani bila kiini cha chuma, inalala baada ya sentimita 9 hivi. Hiyo inafanya karibu kazi yake yote ndani ya mwili. Kwa hiyo mjomba akisema "ya SMG", inabidi aulizwe: ipi?

Risasi ya kwanza ya M16, ile iitwayo M193 ya gramu 3.56, huenda ncha mbele kama sentimita 12, inalala ubavu, na ikiwa bado ina kasi kubwa inavunjika kwenye kile kimfereji kinachozunguka kiuno chake, pale ganda linapoibana. Sehemu ya mbele inabonyea. Ya nyuma inatawanyika vipande vidogo vinavyotoboa nyama pembeni, kisha uwazi wa muda unakuja kuivuta nyama ambayo tayari imeshatobolewa. Hapo nyama haiwezi kurudi mahali pake, inachanika. Hiyo ndiyo siri yote ya majeraha mabaya ya M16 yaliyosimuliwa kutoka Vietnam. Binamu yako ameona matokeo, ila chanzo amekikosea. Risasi ikipinduka hewani haingepiga shabaha hata kwa mita 50, na kwenye karatasi ungeona matundu marefu kama ya funguo. Ukiyaona matundu hayo, ujue mtutu umelika au mzunguko wa mifereji yake haulingani na urefu wa risasi. Kwa mfano, M16A1 ina mzunguko mmoja kwa kila milimita 305. Risasi ndefu ya SS109, ile ya 5.56 iliyofuata baada ya M193, inahitaji mtutu kama wa M16A2, mzunguko mmoja kwa milimita 178. Ukiipitisha kwenye ule wa zamani haitatulia.

Lakini kuvunjika huko kuna masharti, na hapa mjomba anapata pumzi. M193 huvunjika vipande vingi ikigonga kwa zaidi ya takriban mita 820 kwa sekunde. Kutoka mtutu mrefu wa milimita 508, Fackler aliandika kwamba baada ya mita 100 mara nyingi inagawanyika vipande viwili tu, na baada ya mita 200 haivunjiki tena, inabonyea kidogo na kupita. Fupisha mtutu hadi milimita 370 kama wa M4, ndugu mfupi wa M16, unapoteza mita 60 hadi 80 kwa sekunde tangu mwanzo, na umbali wa kuvunjika unapungua sana. Ndiyo maana malalamiko mengi kuhusu 5.56 yalianza wakati askari wa Marekani walipobeba mitutu mifupi yenye risasi ya SS109, ambayo wao huiita M855. Walisema adui anapigwa na anaendelea. Wachunguzi wa jeshi lao walikuja kuona jambo jingine: risasi hizo hazifiki zikiwa na ncha iliyonyooka sawasawa kila wakati. Pembe ndogo ya kuyumba wakati wa kugonga inaamua ilale mapema au ichelewe. Bunduki mbili za aina moja, risasi za kasha moja, majeraha tofauti. Mwaka 2010 waliingiza M855A1, risasi yenye ncha ya chuma iliyo wazi na shaba nyuma yake, moja ya shabaha zake ikiwa kupunguza utegemezi huo wa pembe.

Warusi walikwenda njia nyingine. 5.45x39 ya mwaka 1974 ina nafasi tupu ndani ya ncha, hivyo uzito umekaa nyuma. Inalala baada ya sentimita 7 tu. Haivunjiki, lakini haikawii. Waingereza walikuwa wameshafika hapo mapema: .303 ya Mark VII, iliyokubaliwa mwaka 1910, iliwekewa kitu chepesi kwenye ncha, mara nyingi alumini, nyuma yake madini ya risasi. Ndiyo risasi waliyokuwa nayo askari wa Jenerali Northey walipopanda kutoka Nyasaland mwaka 1916 wakapita Tukuyu na Njombe hadi kuingia Iringa mwishoni mwa Agosti. Baadhi ya askari weusi wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, wakati huo walikuwa bado na ile Mauser ya 1871. Haikuwa dhaifu kwa jeraha. Tatizo lake lilikuwa baruti nyeusi: kila ukipiga unapandisha wingu la moshi, na bunduki ya rashasha ya upande wa pili imeshakuona ulipo.

Na 7.62x51 ya NATO? Kwa juli inawashinda wote hao. Lakini ile ya Kimarekani hulala baada ya sentimita 15 hivi na haivunjiki. Ya Ujerumani Magharibi, kaliba ileile kwa vipimo vilevile vya NATO, ilikuwa na koti, yaani ngozi ya nje ya risasi, la chuma la nusu milimita tu karibu na kiuno badala ya koti la shaba la milimita 0.8. Hiyo ililala kwa sentimita 8 na kuvunjika, ikafanya jeraha kubwa mno. Milimita 0.3 za koti zilibadilisha matokeo kuliko tofauti kati ya kaliba mbili. Ukitaka hoja moja ya kupeleka nyumbani kwa mjomba, peleka hiyo.

Kuna jambo ambalo vitabu vya nje hugusa kwa haraka lakini kwetu ni la kila siku: mwinuko. Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ya hapo ni nyepesi kwa kama asilimia 18 kuliko ya Dar es Salaam kwa joto lilelile, na risasi hupoteza kasi polepole kwa kiasi hichohicho. Umbali ambao M193 ingeshuka hadi mita 820 kwa sekunde, tuseme mita 180 ufukweni, Mbeya unasogea hadi kama mita 220. Kitulo, juu ya mita 2,600, unasogea zaidi. Lakini usijumlishe kabla hujatoa. Alfajiri ya Julai kule Makete, joto likiwa karibu na sifuri, hewa inakuwa nzito kwa kama asilimia 9 kuliko ingekuwa kwa nyuzi 25, na baruti ya baridi huwaka kwa nguvu pungufu kidogo, hivyo risasi inaanza na kasi ndogo. Sehemu ya faida ya mlima inaliwa hapo. Bunduki iliyonyooshewa shabaha mchana wa Mbarali, bondeni kwenye joto, itapiga tofauti kidogo alfajiri ya Makete kwa umbali wa mita 300 na kuendelea. Chini ya mita 150 hutaiona tofauti hiyo.

Bastola nizimalize haraka. Sifa ya .45 ilianzia Ufilipino, ambako askari wa Marekani walilalamika kuwa bastola zao za .38 haziwazuii wapiganaji wa Kimoro. Mwaka 1904 maofisa Thompson na La Garde walipiga risasi ng'ombe wa machinjio ya Chicago pamoja na maiti, wakapendekeza kaliba isipungue .45, na bastola ya M1911 ikafuata. Majaribio yale yalikuwa ya wanyama wachache, na matokeo yake yalipishana mno. Pendekezo lilikuwa na uhakika kuliko vipimo. Mwaka 1985 jeshi hilohilo lilirudi kwenye 9x19. Ukilinganisha risasi zote mbili za kijeshi zenye koti kamili, zote huchimba zaidi ya sentimita 60 za gelatini, hazivunjiki, na tofauti ya tundu ni ile ya milimita 9 na milimita 11.4. Anayebeba 15 badala ya 7, na anayezipiga kwa utulivu kwa sababu teke ni dogo, ana nafasi kubwa ya kugusa mahali pa maana. Bastola ya aina yoyote ni silaha dhaifu kulinganisha na bunduki ndefu.

Huenda mtu akakuuliza: kama shida ni risasi kupita bila kufanya kazi, mbona jeshi lisitumie zile laini za wawindaji zinazofunguka kama uyoga? Kwa sababu zimekatazwa. Waingereza walizitengeneza kwenye kiwanda cha Dum Dum karibu na Calcutta baada ya kulalamika, kutokana na vita vya Chitral vya 1895, kwamba .303 ya wakati ule haiwasimamishi watu. Tamko la The Hague la 1899 likazipiga marufuku risasi zinazofunguka au kubonyea kirahisi mwilini. Kabla yake, Tamko la St. Petersburg la 1868 lilikuwa limeshakataza risasi zinazolipuka zenye uzito chini ya gramu 400. Hoja yake bado ina uzito: kumtoa mtu vitani kunatosha, kumwongezea mateso hakuna faida ya kijeshi. Mwindaji wa Ruaha yuko kwenye sheria nyingine na kazi nyingine. Kwake kuua upesi ndiyo huruma. Kwa hiyo mabishano ya kaliba za uwindaji usiyahamishie jeshini.

Na kwa kuwa najua jibu hili litasomwa pia na wauguzi na matabibu wa vituo vyetu: msiamue ukubwa wa upasuaji kwa kuambiwa aina ya bunduki. Fackler alilirudia hili miaka yote. Kulikuwa na mazoea ya kukata nyama nyingi kwa sababu tu mgonjwa amepigwa na "risasi ya kasi", na watu wakapoteza misuli iliyokuwa hai. Paja lililopitiwa na 7.62x39 mara nyingi lina tundu dogo la kuingilia, dogo la kutokea, na nyama iliyo nzima katikati. Lililopigwa na gobole lililoshindiliwa vipande vya nondo kwa karibu laweza kuwa baya zaidi. Jeraha litazamwe lenyewe, pamoja na picha ya eksirei kutafuta vipande.

Sasa lile swali lako la mwisho, la kwa nini majeshi yamepunguza unene. Sababu kubwa ni uzito na kupata shabaha. Risasi nzima ya 7.62x51, pamoja na ganda na baruti, ina kama gramu 24. Ya 7.62x39 ina kama 16 hadi 17. Ya 5.56 ina kama 12. Askari akibeba risasi 210, hizo za NATO kubwa ni kilo 5, za SMG ni kama kilo 3.5, za M16 ni kilo 2.5, bila kuhesabu magazini. Mwongezee maji, redio na chakula, mpandishe milima ya Livingstone kutoka Matema, halafu umuulize angependa kupunguza nini.

Mwaka 1952 mtafiti wa Marekani, Norman Hitchman, alichambua vita vilivyopita na kuandika kwamba karibu mapigo yote ya bunduki ya askari wa miguu hutokea ndani ya yadi 300, yaani mita 270 hivi, na kwamba baada ya hapo ustadi wa mpigaji hushuka kwa kasi. Wajerumani walikuwa wamefika hitimisho lilelile, wakatoa 7.92x33, na Wasovyeti wakaanza kuunda 7.62x39 mwaka 1943. Ukishakubali umbali huo, risasi inayoweza kuua kwa mita 1,000 ni mzigo usiotumika. Na teke dogo lina faida isiyoonekana kwenye jedwali la juli: anayejifunza haogopi bunduki yake, risasi ya pili inafuata ya kwanza upesi, na mapigo ya mfululizo hayapandi angani. SMG ikipigwa mfululizo, mwenye mkono mwepesi ataona risasi ya tatu imeshapita juu ya shabaha. 5.45 na 5.56 hukaa chini zaidi. Askari anayegusa mara mbili kwa risasi ya juli 1,750 amefanya zaidi ya anayekosa mara mbili kwa juli 3,350.

Ukinitaka niwapange kwa mabishano yenu: ndani ya mita 100, kutoka mtutu mrefu, M193 ina jeraha baya kuliko 7.62x39 ya kiini cha chuma. Kupita mita 200, au nyuma ya kichaka kizito, mlango wa mbao au ukuta wa tofali za udongo, ya SMG iko mbele, kwa sababu ina uzito wa kuendelea na safari baada ya kugonga kitu. Hapo mjomba ana haki, na vita alivyopigana vilikuwa na vichaka na kuta nyingi. 7.62x51 inashinda zote kwa umbali na kwa kupenya, na inashindwa na mgongo wa anayeibeba.

Mwelekeo umeanza kugeuka, kwa sababu ya fulana za kuzuia risasi. Mwaka 2022 jeshi la Marekani lilichagua bunduki inayopiga 6.8x51, risasi ya mgandamizo mkubwa mno, iwe na nguvu ya kutosha dhidi ya vibao vya kifuani na kwa umbali mrefu. Magazini yake ni ya risasi 20 badala ya 30. Askari aliyekuwa akibeba 210 sasa anabeba 140, bunduki ni nzito zaidi, na teke limerudi. Ndani ya jeshi hilohilo bado hawajaafikiana kama bei hiyo inalipa, na wanaobishana hawagombanii juli. Wanahesabu wakati risasi 140 zitakapokwisha.